Matangi yasiyobeba presha: kioevu kikiisha kwenye bomba, kinafuata nini?

Mwanamabomba

Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wa mafundi, waendeshaji mitambo na wahandisi walioko kwenye viwanda vya kemikali, sabuni, sukari, mafuta ya kula, maghala ya mafuta na mitambo ya lami. Nataka tuyazungumzie matangi ya kuhifadhia, yale yanayopumua hewa ya nje, na hatari ya kuyaunganisha na vyombo vyenye presha.

Mkaguzi akija anataka kuona cheti cha boila na cha risiva ya hewa (chombo cha kuhifadhi hewa iliyobanwa). Sheria ya Kenya ya 2007 ya usalama kazini, kwa mfano, inavitaja vyombo hivyo waziwazi. Lile tangi refu nyuma ya jengo hakuna anayelikumbuka, maana kwenye makaratasi halina presha. Na kweli halina, mpaka siku presha ya jirani yake iingie.

Tuanze na jinsi lilivyo dhaifu. Chukua tangi la chuma lenye paa la bati la mm 5. Kila mita ya mraba ya bati hilo ina uzito wa kilo 39 hivi. Presha inayotosha kuubeba uzito huo kutoka chini ni kama kPa 0.4, yaani kina cha sentimita 4 za maji. Sasa pandisha ifike kPa 1. Kama kipenyo cha tangi ni mita 20, eneo la paa ni mita za mraba 314, na nguvu inayolisukuma juu ni sawa na tani 32. Kumbuka kPa 1 ni sehemu moja ya mia ya bar. Ukifunga geji ya kawaida ya bar 0 hadi 10 juu ya tangi hilo, sindano yake haitasogea, huku tani 32 zinasukuma paa.

Kiwango cha API 650, cha taasisi ya petroli ya Marekani, ambacho matangi mengi ya chuma hujengewa, hata ukifuata kiambatisho chake cha presha ya ndani, kinaishia kPa 18. Ukitaka kwenda juu zaidi unahamia API 620, nayo inaishia kPa 103. Upande wa pili wa vali una hewa ya bar 7, mvuke wa bar 10, au separeta (chombo cha kutenganisha gesi na kioevu) ya bar 50. Vyote hivyo vimeungwa kwa bomba moja na tangi linalolemewa na sentimita chache za maji.

Presha inapitia wapi? Njia ni nyingi, lakini iliyo mbaya kuliko zote ni hii. Chombo chenye presha kina kioevu chini na gesi juu. Kioevu kinateremshwa kwenda kwenye tangi kupitia vali inayodhibiti kina. Siku zote anayepita pale ni kioevu, kwa utulivu. Kumbe kile kioevu ndicho kizibo. Vali ikikwama wazi, au kipima kina kikidanganya, au mtu akifungua baipasi (bomba la kuizunguka vali) akaenda kunywa chai, kioevu kinaisha na gesi inafuata kwenye bomba lilelile. Gesi haina adabu ya kioevu: kwenye tundu lilelile inapita kwa kasi kubwa mno, na ikifika kwenye tangi inatanuka. Mfumo uliokuwa unapokea mita 20 za ujazo kwa saa unapokea maelfu.

Mfano wa kweli. Tarehe 4 Machi 1998, Pitkin, jimbo la Louisiana huko Marekani, kwenye kituo cha kutenganisha mafuta na gesi cha kampuni ya Sonat Exploration. Mafuta yalipita separeta ya kwanza yenye presha kubwa, kisha ya pili, kisha ya tatu iliyokusudiwa presha ya hewa ya kawaida tu. Wafanyakazi walikuwa wanaondoa hewa kwenye mfumo kwa kutumia gesi kabla ya kuanza uzalishaji. Vali zilikuwa zimepangwa kwa namna ambayo gesi ya kisima, hadi psi 800, yaani bar 55 hivi, iliingia kwenye separeta ile ya tatu na haikuwa na pa kutokea. Chombo kilipasuka, gesi ikawaka, watu wanne wakafa. Bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za kemikali ilikuta chombo hakikuwa na vali ya usalama, kituo kilijengwa bila uchambuzi wa maana wa hatari, na hapakuwa na utaratibu wa maandishi wa namna ya kupanga vali wakati wa kuondoa hewa.

Soma tena hilo la mwisho. Uhai wa watu wanne ulitegemea mpangilio wa vali uliokuwa kichwani mwa mtu.

Ombi langu: kila mmoja hapa achague tangi moja kiwandani kwake, alizunguke, afuate kila bomba linaloingia mpaka lilikotoka. Kwenye kila bomba ajiulize: kinachopita hapa kikiisha, kinafuata nini, kwa presha gani, na kitatokea wapi? Leteni majibu tuyachambue.

Stimu_Juu

Mkuu shukrani, umenigusa. Mimi niko upande wa boila, kiwanda cha sukari. Tangi letu la kondenseti (maji ya mvuke uliopoa) linapokea marejesho kutoka kila kona ya kiwanda na halijawahi kuleta shida. Lina bomba la kupumulia juu linatoa moshi wa mvuke mchana kutwa. Hilo nalo nilihesabu?

Mwanamabomba

Lihesabu la kwanza kabisa, mkuu. Huo mvuke unaouona mchana kutwa ndio ushahidi.

Kondenseti inayotoka kwenye mvuke wa bar 10 ina joto la nyuzi 184. Ikifika kwenye tangi lililo wazi haiwezi kubaki maji yote, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, kama asilimia 16. Kama unarudisha tani moja kwa saa, kilo 160 zinakuwa mvuke, na kila kilo inachukua mita za ujazo 1.67. Hapo umeshafika mita 267 za ujazo kwa saa, na hakuna kilichoharibika. Ndiyo hali ya kawaida.

Sasa trapu ya stimu (kifaa kinachotoa kondenseti na kuzuia mvuke) yenye tundu la mm 5 ikwame wazi: karibu kilo 100 za mvuke hai kwa saa zinaongezeka. Moja si neno. Ila jiulize trapu ngapi zimekwama kiwandani kwenu hivi sasa bila mtu kujua. Halafu kuna baipasi ya trapu. Fundi anaifungua asubuhi ili laini ipate joto haraka, na ikiwa ni ya inchi moja, iliyo wazi kabisa, inaweza kupitisha zaidi ya tani 2 za mvuke kwa saa. Hizo ni zaidi ya mita 3,300 za ujazo. Bomba lako la kupumulia ni inchi ngapi?

Stimu_Juu

Inchi tatu. Na limepigwa kona mbili ili mvuke usiwapulizie watu wa ghalani. Kesho naanza na baipasi.

MtuWaThika

Niseme kitu tofauti kidogo, wandugu. Naona tunatishana. Matangi mengi ya chuma yana ule mshono dhaifu kati ya paa na ukuta, umeundwa makusudi ili presha ikizidi paa ndilo lifunguke na mzigo ubaki ndani. Pia laini nyingi zina vali za kuzuia kurudi nyuma. Kwa hiyo kinga zipo tayari, haziko sifuri.

Mwanamabomba

Karibu ndugu, hoja yako ni nzuri na inastahili jibu kamili.

Mshono dhaifu ni kinga ya mwisho, umewekwa kwa ajili ya mlipuko wa ndani au moto. Haukuwekwa uwe vali ya kila siku. Siku ukifunguka umeshapoteza tangi na mvuke wa kemikali uko hewani. Kubwa zaidi, unaaminika kwenye matangi mapana. Kwenye matangi madogo, chini ya mita 15 hivi kipenyo, paa ni dogo na ukuta ni mwepesi, hivyo presha inaweza kulinyanyua tangi zima ukingoni kabla paa halijaachia, na mshono wa chini ndio ukapasuka. Hapo kioevu chote kinatoka kwa mara moja na tangi linaweza kuruka. Viwanda vyetu vingi vina matangi madogo ya aina hiyo hiyo, na mengi ya plastiki au faiba hayana mshono dhaifu wa aina yoyote.

Vali ya kuzuia kurudi nyuma inazuia kurudi nyuma. Gesi tunayoizungumzia inakwenda mbele, uelekeo uleule wa kioevu, kwa hiyo vali itaifungulia mlango. Hata pale ambapo hatari ni ya kurudi nyuma, vali hizo huvuja zikichakaa.

Mgeni Sohar

Assalaam alaykum. Nafuatilia kutoka Oman, niko kwenye uendeshaji wa mitambo. Naongezea kisa cha Grangemouth, Uskoti, kwa sababu kinajibu hoja ya kinga zilizopo.

Tarehe 22 Machi 1987, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP. Kulikuwa na separeta ya presha kubwa, bar 155, ikimwaga kioevu kwenye separeta ya presha ndogo iliyoundwa kwa bar 9. Vali iliyo kati yao ilikuwa inaendeshwa kwa mkono. Kioevu kikaisha, gesi ikapenya, separeta ndogo ikapasuka na mtu mmoja akafa. Kipande cha tani 3 hivi kilirushwa umbali wa kilomita moja hivi.

Sasa ile kinga. Mfumo wa kufunga vali kina kikishuka mno ulikuwepo, lakini ulikuwa umekatwa muda mrefu kabla. Na separeta ndogo ilikuwa na vali ya usalama, ila ilipimwa kwa hali ya moto wa nje tu. Aliyeipima hakujiuliza gesi ya jirani ikija itakuwa kiasi gani. Ile ilikuwa chombo cha bar 9. Tangi la presha ya kawaida likipata robo ya hiyo halibaki hata na umbo.

Kwa hiyo ndugu wa Thika, "ipo" haitoshi. Inafanya kazi leo? Na ilipimwa kwa ajili ya nini?

MtuWaThika

Wa alaykum salaam. Nimekubali. Hilo la kupimwa kwa ajili ya nini sikuwa nimelitazama hivyo.

DadaKemia

Habari zenu kaka zangu. Mimi nahusika na upokeaji wa kemikali. Tunapokea asidi ya salfuriki na magadi (soda kali ya maji) kwa malori. Lori halina pampu, tunaunga hozi ya hewa kutoka kompresa ya kiwanda, tunasukuma mzigo uende kwenye tangi. Tangi la magadi ni la plastiki, kipenyo mita 3, linapumua kwa bomba la mm 50 lenye wavu wa kuzuia wadudu. Mwisho wa kushusha, tangi huwa linavuma na kutikisika kidogo. Madereva wanasema ni kawaida, ndiyo dalili ya lori kuisha. Nimesoma uzi huu mwili umenisisimka.

Mwanamabomba

Dada, asante sana kwa kulileta. Kule kuvuma ndiko kioevu kimeisha na hewa imefuata.

Nikuwekee hesabu, uipeleke kwa wakubwa. Tuseme lori ni la mita 20 za ujazo na hewa ndani yake ni bar 2 kwenye geji. Mzigo ukiisha, lori zima limejaa hewa iliyobanwa. Ikitanuka kufikia presha ya kawaida, hewa ya ziada inayotafuta njia ni mita 40 za ujazo. Ikitoka yote kwa dakika moja, huo ni mwendo wa mita 2,400 za ujazo kwa saa. Na hapo kompresa inaendelea kusukuma nyuma yake.

Hewa hiyo ipite kwenye bomba la mm 50. Kasi yake ingetakiwa iwe karibu mita 340 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya sauti. Haiwezekani, kwa hiyo presha inajikusanya ndani. Ukiweka la mm 100, kasi inashuka hadi mita 85 hivi kwa sekunde, bado presha ndani inavuka kPa 4. Kwa kipenyo cha mita 3, kPa 4 ni nguvu ya karibu tani 3 kwenye paa la plastiki. Ukifika mm 200, kasi ni mita 21 kwa sekunde na presha inashuka chini ya kPa 1. Halafu toa kwenye hesabu zote hizo kile ambacho wavu na vumbi la magadi lililoganda vimeziba.

Kwa hiyo hatua za leo, kabla ya bajeti yoyote: mtu asimame kwenye vali ya lori wakati wote, mwenye vazi la kemikali na ngao ya uso. Hewa ikatwe kabla lori halijaisha, na presha iliyobaki itolewe kwa njia yake ya upande wa lori, isipitie kwenye tangi. Wavu usafishwe. Watu wasipite karibu na tangi wakati wa kushusha. Hatua ya kudumu ni pampu. Pampu ikikosa kioevu inazunguka bure, haimwagi mita 40 za hewa kwenye plastiki.

Hewa ikibaki kwa sababu yoyote, ipunguzwe: regyuleta (kifaa cha kushusha presha) kwanza, kisha vali ya usalama baada ya regyuleta, kisha kisahani chenye tundu dogo kwenye laini. Hicho kisahani nakipenda kwa sababu hakina umeme wala springi, na hakisahau. Ukitoka tundu la mm 25 kwenda mm 6, eneo linapungua mara 17, na mtiririko hivyo hivyo. Sharti lake ni moja: mtu asije akakitoa kwa sababu "kinachelewesha kazi". Kiandikwe kwenye mchoro, na kibandikwe lebo.

Stimu_Juu

Dada pole, na hongera kwa kusema. Hapo kwenye madereva kuita ni kawaida, hata kwetu lugha ni hiyohiyo.

Nyundo ya Lami

Wakuu vipi matangi ya lami? Yetu yana koili za mvuke ndani kwa ajili ya kuyeyusha.

Mwanamabomba

Mkuu, koili ni bomba la presha lililozamishwa ndani ya tangi lisilo na presha. Likitoboka, mvuke unaingia moja kwa moja. Na hata ukifunga mvuke, maji yaliyobaki chini ya lami ya nyuzi 150 yakichemka yanatanuka kama mara 1,600, lami inafoka kupitia paa. Pima koili kwa presha kabla ya kulijaza tangi, na kondenseti ya koili hiyo iangaliwe rangi kila siku. Ikionyesha mafuta, koili imetoboka.

Kisa cha kufanana na hicho kwa upande wa joto: Louisville, Kentucky, 11 Aprili 2003, kiwanda cha rangi ya karameli cha D.D. Williamson. Tangi lenye koili ya mvuke lilipashwa joto kupita kiasi, halikuwa na kinga ya presha, likapasuka na kumuua mfanyakazi mmoja. Likagonga tangi la amonia la jirani nalo likamwaga. Karameli, wakuu. Kitu cha kutia rangi vinywaji.

Mgeni Sohar

Niongeze na naitrojeni kwa wanaoijaza juu ya kioevu kwenye matangi ili hewa isiingie. Regyuleta ikikwama wazi, laini ya bar 6 inamwaga yote ndani. Tundu la kupumulia lipimwe kwa regyuleta iliyo wazi kabisa. Ukibadilisha regyuleta ukaweka kubwa kidogo kwa sababu ndiyo iliyokuwepo stoo, umebadilisha hesabu nzima ya tangi bila kuligusa tangi.

Na kwa wenye separeta: kipima kina cha kuonya na cha kufunga viwe viwili tofauti, kila kimoja na tundu lake kwenye chombo. Kimoja kikiziba, kingine kibaki na macho. Vali ya kufunga nayo iwe nyingine, isiwe ileile inayodhibiti, maana hiyo ndiyo huenda imekwama.

Mwanamabomba

Hapo pa regyuleta ya stoo pigeni mstari. Mara nyingi tangi linabaki lilelile miaka na miaka, ila kinachobadilika ni jirani: pampu kubwa zaidi, vali yenye tundu pana, laini mpya ya kumwagia maji machafu. Mifereji ya kutolea maji kwenye vyombo vya presha ndiyo naikuta sana. Mtu anataka sakafu iwe kavu, anachomelea bomba la mfereji moja kwa moja hadi kwenye tangi la maji machafu. Zamani lilikuwa linamwagikia kwenye funeli iliyo wazi, na gesi ikitokea ilionekana na kusikika palepale. Funeli ile ilikuwa kinga. Kama kemikali yenyewe si ya sumu wala ya kuwaka, irudisheni. Kama ni ya sumu au ya kuwaka, wekeni chombo cha kati chenye uwezo wa presha na vali yake ya usalama inayotoa mahali salama, ndipo kioevu kiende kwenye tangi.

DadaKemia

Kaka, nimerudi. Nimepanda juu ya tangi na fundi leo asubuhi. Wavu ulikuwa umeganda magadi zaidi ya nusu. Tumeutoa na kuusafisha, na meneja amekubali lori la wiki hii lishushwe kwa pampu ya kukodi. Ameuliza kitu kimoja: akiweka bomba la mm 200 peke yake, bila pampu, inatosha?

Mwanamabomba

Safi sana dada. Mjibu hivi: mm 200 inatosha kwa hesabu niliyoiweka, ya lori la mita 20, bar 2, na dakika moja. Lori likija la mita 30, au hozi ikiwa fupi na pana hewa ikatoka kwa sekunde 30, mtiririko unapanda mara moja na nusu hadi mara tatu na kinga inaweza kuisha. Tena plastiki ya tangi ina umri na jua limeshaila, kwa hiyo muulizeni mtengenezaji inabeba presha gani, kwa maandishi. Pia bomba hilo lipelekwe mahali ambapo ukungu wa magadi hautamwangukia mtu. Aweke vyote viwili, na kama fedha inatosha kimoja, anunue pampu. Nitumie vipimo vya lori kubwa kuliko yote mnayopokea, urefu na kipenyo cha hozi, na presha ya regyuleta, nikupigie upya.

DadaKemia

Kubwa kuliko yote ni la mita 28. Hozi inchi tatu, mita 6. Regyuleta haipo, inatoka kompresa moja kwa moja, bar 7.

Mwanamabomba

Dada, msishushe tena kwa hewa hiyo. Simamisheni mpaka pampu ifike. Tangi la lori lenyewe nalo lina ukomo wake wa presha na bar 7 huenda inaupita, kwa hiyo kabla ya tangi lenu kuna dereva aliyesimama ubavuni mwa kitu kinachoweza kupasuka. Angalia bamba la chuma ubavuni mwa lori, lina presha ya juu inayoruhusiwa. Piga picha, mpelekee meneja leo leo pamoja na hiyo namba 7.